Miguu Ililipa Karo, Kichwa Kikadai Chake

Kila mwaka matokeo ya KCSE yakitoka, simu yangu hujaa ujumbe. Ni vijana wa Nandi, Keiyo na Marakwet. Wengi wao sijawahi kuwaona. Wamepewa namba na shangazi yangu, au na binamu wa mtu niliyesoma naye. Dada, timu gani ina kocha mzuri? Baridi ni kali kiasi gani? Ufadhili ni wa karo yote? Viatu wanatoa? Ni maswali ya haki, na huwa nayajibu. Ila katika miaka yote hii hajatokea hata mmoja wa kuniuliza lile ambalo mimi ningelitanguliza: maabara za kozi ninayoitaka huwa saa ngapi?

Nilikwenda Marekani kwa ufadhili wa riadha. Nilikimbia mbio za nyika na mita 10,000, na nikasomea uuguzi. Mtu anayejua mambo ya vyuo vya kule akisikia mawili hayo yametajwa pamoja, kwanza hucheka, halafu huuliza nilikuwa nikilala saa ngapi.

Njia yenyewe si ngeni kwetu. Mike Boit, aliyepata shaba ya mita 800 Olimpiki ya Munich mwaka 1972, alisomea Eastern New Mexico, akaendelea hadi shahada ya uzamivu na kuwa profesa Chuo Kikuu cha Kenyatta. Henry Rono alikuwa mwanafunzi wa Washington State alipovunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978: mita 5,000, 3,000 kuruka viunzi na maji, 10,000, kisha 3,000. Seoul mwaka 1988, dhahabu ya mita 800 ilichukuliwa na Paul Ereng wa Chuo Kikuu cha Virginia, na ya mita 1,500 na Peter Rono, kijana wa St. Patrick's Iten aliyekuwa Mount St. Mary's, chuo kidogo cha Maryland. Muda waliokimbia tunaukariri hadi leo. Waliyokuwa wakisomea, ukiuliza pale kijiweni, hakuna ajuaye.

Ndiyo maana mimi mtu wangu ni Sally Kipyego. Akiwa Texas Tech alitwaa mataji tisa ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu kule, likiwemo taji la mbio za nyika mara tatu mfululizo, 2006 hadi 2008, na huku alikuwa akisomea uuguzi. Baadaye akapata medali ya fedha ya mita 10,000 London 2012. Watu hutaja ile fedha. Mimi, nikijua kilichomo ndani ya kozi ile, hutaja uuguzi kwanza.

Sasa nieleze mambo yanavyokwenda, maana mawakala na makocha hawayaelezi. Chama hicho cha NCAA kina sheria maarufu ya saa 20. Tangu mwaka 1991, timu haitakiwi kumshughulisha mwanafunzi zaidi ya saa 4 kwa siku au saa 20 kwa wiki msimu ukiwa umeanza, na lazima apewe siku moja ya kupumzika. Ukiisikia utasema, mbona rahisi? Saa 20 za mazoezi, saa 12 hadi 15 za kukaa darasani, wiki nzima imebaki wazi.

Tazama visivyohesabiwa. Safari haihesabiwi. Kukaa kwa mtaalamu wa fiziotherapia ukikandwa shavu la mguu hakuhesabiwi. Kukimbia alfajiri “kwa hiari yako” hakuhesabiwi, na kila mtu anajua hiari hiyo ni ya aina gani. Siku ya mashindano, hata mkiamshwa alfajiri na kurudi hotelini giza limeingia, kwenye daftari huandikwa saa 3. Tulikuwa tukiondoka Alhamisi ili tukimbie Ijumaa, turudi Jumamosi. Siku tatu zimekwenda, na kwa hesabu ya sheria hata saa 10 hatujafikisha.

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema tatizo ni uchache wa saa. Saa unaweza kuzitafuta. Unaweza kusoma kwenye basi, unaweza kuacha sherehe (na mimi sherehe hazikunipa shida kuziacha, kwani nyingi zilikuwa za kusimama wima ukishika kikombe chekundu bila kuelewa mtu anasema nini). Kinachokwamisha ni saa ambazo haziwezi kuhamishwa. Mhadhara ukikupita, utanakili maandishi ya mwenzio. Maabara ikikupita, imekwenda, kwa sababu vifaa vimepangwa kwa siku hiyo na msimamizi ni yule yule wa kundi lako. Na vyuo vingi vya kule huweka mihadhara asubuhi na maabara alasiri. Alasiri saa tisa ndiyo saa ya mazoezi ya timu.

Muhula wa kwanza wa mwaka wa pili nilikuwa na maabara ya anatomia Jumanne na ya mikrobiolojia Alhamisi, zote zikiisha karibu saa kumi na moja jioni. Jumanne ndiyo siku ya mazoezi ya kasi. Kama ningekuwa mchezaji wa mpira wa kikapu, hapo ingekuwa mwisho wa habari, kwa kuwa hakuna wa kupasiana naye mpira saa kumi na moja alfajiri. Mkimbiaji ana bahati hiyo moja: mchezo wake anaweza kuufanya peke yake. Kocha akaniambia, sawa, utakimbia asubuhi, na tukampata mwenzangu mmoja, Mmarekani aliyekuwa akisomea uhandisi wa ujenzi, ambaye naye alikuwa na maabara ya udongo saa hizo hizo.

Taa za uwanja haziwashwi kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Kwa hiyo kocha alikuwa akija na pikapu yake, anaiegesha nje ya kona ya kwanza na kuelekeza taa kwenye njia, injini ikinguruma ili apate joto. Mkono mmoja kahawa, mwingine saa ya kuhesabia. Tulikuwa tukikimbia mita 1,000 mara kadhaa. Nusu ya mzunguko tunaiona, nusu nyingine tunakwenda kwa kukisia, tukisikiliza miguu yetu. Akipaza sauti kutaja muda, mvuke wa kinywa chake unaonekana kwenye mwanga. Saa mbili kamili nilikuwa nimekaa darasani, nywele bado zimelowa, chini ya suruali soksi zile za kubana. Makocha wa namna hiyo si wengi, na sheria haimlazimishi yeyote kuwa hivyo.

Miaka miwili ya mwanzo, basi, ilipitika. Mwaka wa tatu ndipo uuguzi unapoanza kuwa uuguzi, kwa maana ya kupelekwa hospitali. Mazoezi ya kazi ndani ya wadi hayana mjadala. Saa zake zinatakiwa zitimie ndipo uruhusiwe kufanya mtihani wa leseni, na chuo hakiwezi kukupunguzia kwa sababu umeshinda mbio za kanda. Zamu ilianza saa moja kasorobo asubuhi, pale wauguzi wa usiku wanapokabidhi wagonjwa, na kuisha saa moja na robo jioni. Saa 12 na ushei umesimama. Jumapili umekimbia kilomita 25, Jumatatu unasukuma vitanda, unamgeuza mgonjwa wa kilo 110 asiote vidonda vya mgongoni, unapanda ngazi kwa sababu lifti inachelewa. Hakuna kocha aliyewahi kuiandika zamu ile kwenye ratiba ya mazoezi kama mzigo, ilhali mwili uliihesabu yote.

Nilijaribu kukimbia baada ya zamu, kwenye mashine ya ukumbi wa mazoezi. Nikajaribu kabla ya zamu, saa kumi alfajiri. Zote mbili zinafanyika, kwa muda. Lililonisaidia zaidi halikuwa la kukimbia bali la kusoma: niligundua kwamba baada ya mazoezi ya kasi akili yangu haipokei kitu kipya. Unaweza kuketi na kitabu cha famakolojia, ukageuza kurasa, ukapigia mistari rangi ya njano, na kesho yake usikumbuke hata dawa moja. Lakini akili hiyo hiyo iliyochoka inaweza kurudia jambo inalolijua tayari. Kwa hiyo mapya nikayahamishia asubuhi za siku nyepesi, na jioni nikaziachia mazoezi ya hesabu za dawa, ambazo ni za kurudia rudia hadi zikae mkononi.

Hesabu hizo ndizo nilizokuwa nikifanyia kwenye basi la timu. Mgonjwa ana kilo 80. Daktari ameagiza heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, yuniti 18 kwa kila kilo kwa saa. Mfuko una yuniti 25,000 ndani ya mililita 500. Weka pampu mililita ngapi kwa saa? Unazidisha 80 kwa 18, unapata 1,440. Kila mililita ina yuniti 50. Jibu ni 28.8. Wenzangu wamevaa vipokea sauti masikioni, wengine wamelala vinywa wazi, na mimi nimewasha tochi ya simu nikiwa na kadi zangu ndani ya mfuko wa plastiki ili zisiloweshwe na chupa za maji. Mtihani wa hesabu hizo ulikuwa na alama ya kufaulu iliyo juu kuliko somo lolote jingine, na sababu yake ni ya wazi: ukikosea nukta, mtu anavuja damu. Nilifanya mmoja wao katika ukumbi wa mikutano wa hoteli, chini ya macho ya msimamizi aliyesafiri na timu, saa chache kabla ya mbio za kanda. Nilifaulu mtihani. Mbio nilimaliza nyuma kabisa ya nilivyotarajia.

Kuna watu wawili niliogopa kuwaudhi wakati huo, kocha na mshauri wa masomo. Huyu wa pili nimsemee kidogo. Idara za michezo huwa na washauri wao wenyewe, na kazi yao ni kuhakikisha mwanariadha anabaki na sifa ya kushindana. NCAA inataka kufikia mwisho wa mwaka wa pili uwe umemaliza asilimia 40 ya mahitaji ya shahada yako, wa tatu 60, wa nne 80. Nia ni njema, maana zamani vijana walikimbia miaka minne na kurudi kwao mikono mitupu. Lakini angalia inavyofanya kazi: asilimia hizo huhesabiwa kwa kozi uliyojiandikisha. Anayeanza kozi ngumu, somo moja likamshinda, anajikuta nyuma ya asilimia na hashindani. Aliye kwenye kozi nyepesi hana wasiwasi huo. Basi mshauri, bila ubaya wowote moyoni, anakusukuma polepole. “Umefikiria mawasiliano? Au elimu ya jumla ya afya?” Ndiyo maana ukikuta timu nzima wanasomea kitu kimoja usishangae, hawakuamka siku moja wote wakapenda somo hilo.

Mshauri wangu alinipendekezea kozi nyingine mara nyingi mno. Sikumjibu kwa ukali, kwetu mtu mzima hajibiwi hivyo. Nilikuwa namwambia, “Asante, nitafikiria,” halafu narudi kujiandikisha uuguzi. Nadhani mwishoni alichoka.

Halafu lipo suala la viza, ambalo wenzangu Wamarekani hawakulielewa kamwe. Mambo yakiwazidia, wao walihamia masomo ya mtandaoni msimu mzima, wakawa wanasikiliza mihadhara hotelini. Mwanafunzi mwenye viza ya F-1 anatakiwa awe na krediti 12 (kipimo cha wingi wa masomo) kila muhula, na katika hizo ni somo moja tu la mtandaoni linalohesabiwa. Hawezi kupunguza masomo ili apumue kama raia anavyoweza. Ukishuka chini ya 12 bila kibali hujapoteza nafasi kwenye timu tu, umepoteza haki ya kuwa nchini. Nilikuwa nikilala na jambo hilo.

Wanaokimbia mbio ndefu wana kero yao nyingine ambayo wacheza mpira hawana. Mbio za nyika huanza Agosti hadi Novemba. Zikiisha unaingia msimu wa uwanja wa ndani, hadi Machi. Kutoka hapo ni uwanja wa nje hadi Juni. Misimu mitatu, mwaka mmoja, na ile saa 20 haishuki kuwa saa 8 za nje ya msimu isipokuwa kwa vipindi vifupi. Mchezaji wa futiboli ya Kimarekani anaweza kupanga masomo magumu baada ya msimu wake. Mkimbiaji atayapanga wapi?

Jibu langu lilikuwa kukaa nje. Wakati wangu mwanariadha alikuwa na miaka mitano ya kutumia misimu minne, yaani katika kila mchezo unaweza kuacha msimu mmoja bila kuupoteza, ukawa unafanya mazoezi na timu lakini hushindani. Wengi huutumia wakiumia. Mimi nilikwenda kwa kocha nikamwomba niutumie kwenye mbio za nyika za muhula ule wenye zamu nyingi zaidi, nikiwa mzima wa afya. Alinyamaza kitambo. Timu ilinihitaji, maana katika mbio za nyika wanaohesabiwa ni watano wa kwanza na mimi nilikuwa wa tatu au wa nne. Akauliza kama ningebaki mwaka wa tano. Nikasema ndiyo. Tukakubaliana. Kwa hiyo nilichukua miaka mitano kwa shahada ya minne, na baba yangu nyumbani, aliyezoea kuwaambia watu kanisani kwamba binti yake anamaliza mwaka fulani, ilibidi abadilishe tangazo lake. Mama hakuona tatizo. Yeye kila akipiga simu aliuliza kama nimekula, kisha kama nimefaulu, na matokeo ya mbio akayaacha kwa baba.

Suala la kula lenyewe lilikuwa zito kuliko alivyodhani. Msichana anayekimbia kilomita 110 kwa wiki na kukosa chakula cha mchana kwa sababu ya zamu hupungukiwa madini ya chuma haraka sana, na dalili zake zinafanana na uvivu: unachoka, husomi, hukimbii. Nilikuwa nikijifunza darasani kusoma majibu ya damu ya watu, na yangu nikayasoma vile vile. Kama kuna faida moja ya moja kwa moja ambayo uuguzi uliupa ukimbiaji wangu, ni hiyo. Nilijua kudai kipimo cha feritini, yaani akiba ya chuma mwilini, badala ya kuambiwa niongeze bidii.

Simaanishi kwamba kila anayepata ufadhili achague kozi ngumu. Wesley Korir alisomea biolojia Chuo Kikuu cha Louisville, akashinda Boston Marathon mwaka 2012 na mwaka uliofuata akawa mbunge wa Cherangany. Watu wa namna hiyo wapo, lakini hawajai debe. Na kwa aliye na kichwa cha masomo kuliko miguu kuna mlango mwingine: KenSAP, mpango ulioanzishwa mwaka 2004 na John Manners pamoja na huyo huyo Mike Boit, umepeleka vijana wa Bonde la Ufa katika vyuo vikubwa kabisa vya kule, vikiwemo vya Ivy League, kundi la vyuo vinane vya zamani, ambavyo havitoi ufadhili wa michezo hata kidogo. Huko msaada unatolewa kwa kuangalia uwezo wa familia. Ukiumia goti, karo haitikisiki. Ningejua hilo nikiwa kidato cha nne ningeuliza uliza.

Maana ufadhili wa riadha, tuseme ukweli, ni mshahara. Na mara nyingi si kamili. Enzi zangu timu ya wanawake ya riadha na mbio za nyika iliruhusiwa kugawa ufadhili usiozidi 18 na ya wanaume 12.6, vikakatwa vipande: huyu nusu, yule robo. Siku hizi sheria zimebadilika, kuna pesa za matangazo tangu Julai 2021 na tangu 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa wachezaji, ila mwenye viza ya F-1 kwa sehemu kubwa anazitazama zikipita, na timu nyingi za riadha zimepunguza watu. Kijana anayesaini leo asome mkataba mara mbili na aulize mwaka wa tatu utakuwaje, si wa kwanza. Amuulize kocha, ni lini mara ya mwisho mtu wa timu yako alimaliza kozi hii? Kocha akianza kueleza uzuri wa uwanja, jibu limepatikana.

Mbio zangu za mwisho zilikuwa Mei, mashindano ya awali ya kanda, nikatolewa. Julai nilifanya mtihani wa leseni, nikafaulu, na ule mwaka mmoja wa kufanya kazi unaoruhusiwa baada ya shahada nikaanzia wadi ile ile niliyokuwa nikisukuma vitanda. Muda wangu bora wa mita 10,000 ulibaki 34:11. Kocha, tukizungumza kwa simu, bado anashikilia kwamba ningesomea kitu kingine ningekimbia 33:30. Naamini anasema kweli, anajua kazi yake. Lakini nimewatazama wasichana wa 33:30, na hakuna kampuni ya viatu iliyowapigia simu.